Meli ya Doria Ifike Hadi Karungu

Rodi Kopany haina ufuo. Anayeshuka matatu pale njiapanda, awe ametoka Rongo au Homa Bay mjini, haoni maji. Anaona maduka ya mabati, boda boda zikingoja abiria, na barabara ya tatu inayokata kuelekea Ndhiwa na kuteremka hadi Sori, kwenye ghuba ya Karungu, kaunti ya Migori. Hata hivyo, ziwa limo sokoni kila siku. Limo katika omena zinazopimwa kwa gorogoro, muuzaji akilijaza hadi lifanye kilima, kisha akaongeza konzi ya mwisho kwa mteja wake wa kila siku. Limo katika mgongo wazi unaokaangwa jioni kwa wasiomudu mbuta mzima. Limo katika magari yenye barafu yanayopita bila kusimama, yakiwahi Nairobi kabla samaki hawajalegea. Mji huu unaishi kwa maji usiyoyaona.

Kwa hiyo habari za meli ya walinzi wa pwani si habari za watu wa Mombasa pekee.

Mwaka 2017 meli ya MV Doria iliwasili Mombasa kutoka Bangladesh, ilikoundwa na kampuni ya Western Marine ya Chittagong. Ina urefu wa zaidi ya mita 50, na bei iliyotangazwa ilikuwa kama shilingi bilioni 3.6. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Walinzi wa Pwani, na tarehe 19 Novemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta akakizindua kikosi chenyewe huko Liwatoni, kwenye gati la samaki, meli ikiwa imefungwa kando. Kenya ilikuwa imekaa miaka 55 ya uhuru bila kikosi cha aina hiyo. Kazi zake zimeandikwa waziwazi: usalama majini, kuzuia magendo, kulinda samaki, kuzuia uchafuzi wa maji, na kutafuta na kuokoa watu walio hatarini.

Hakuna haja ya kuionea bahari wivu. Eneo la Kenya baharini ni kubwa, meli za kigeni zimevua humo kwa miaka mingi bila wa kuziuliza, na meli ya kwanza ilistahili kupelekwa huko. Hoja ni ya meli ya pili. Kikosi kina kazi ziwani pia, na maafisa wake wapo huko na boti zao, lakini boti ndogo ziendazo kasi ni kitu kimoja, na meli yenye gati lake, wafanyakazi wake wa kudumu na uwezo wa kutoka wakati mawimbi yamekwisha kusimama ni kitu kingine kabisa. Meli hiyo inapaswa kuja, na inapokuja isifungwe Kisumu kwa sababu tu Kisumu ndiko kwenye ofisi.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi. Tanzania ina asilimia 51, Uganda 43, na Kenya imebaki na 6, yaani kama kilomita za mraba 4,100. Kipande hicho kidogo ndicho kinachotoa zaidi ya nusu ya samaki wote wanaovuliwa nchini, na sensa za uvuvi za muongo uliopita zilihesabu zaidi ya wavuvi 40,000 upande wa Kenya. Hao ni wavuvi tu. Bado hujaongeza wachuuzi wanaovuka kwenda Mfangano na Remba, wanafunzi, wagonjwa wanaoletwa bara na wafanyabiashara wa nguo na sabuni wanaozunguka visiwani. Anayetaka kujua walinzi wa pwani wanahitajika wapi Kenya hii, atazame ni wapi watu wengi wako majini usiku.

Usiku ndio wenyewe. Omena huvuliwa gizani. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, kwa sababu taa zao hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Mwezi ukitoweka wanarudi kazini, taa zinaelea juu ya maji kila upande, na omena wanakusanyika chini ya mwanga. Saa hizo hizo ndizo ziwa linapochafuka. Nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka kila upande wa ufuo kwenda katikati ya ziwa, ukakutana huko, hewa yenye unyevu ikapanda juu, na kabla ya alfajiri radi zimeanza. Mvuvi hawezi kuchagua kati ya saa ya kazi na saa ya hatari kwa sababu ni saa moja.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi na wataalamu wa hali ya hewa ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa katika ziwa hili kila mwaka, ukijumlisha nchi zote tatu. Ni makadirio tu, hakuna orodha ya majina, na hilo lenyewe linauma. Feri ikizama, marais hutuma rambirambi na bendera hupepea nusu mlingoti. Watu watatu wakipotea na mtumbwi wao nje ya Muhuru Bay, habari hiyo inaishia kwenye bichi yao na nyumbani kwao.

Kazi imefanyika upande wa utabiri. Mradi ulioitwa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza kuanzia 2017, ulizisaidia idara za hali ya hewa za eneo hili kutoa taarifa za mawimbi na dhoruba kwa lugha ambayo mvuvi anaielewa, na taarifa hizo zikafikishwa mwaloni kwa redio, simu na viongozi wa BMU, yaani vikundi vya kusimamia bichi. Wapo watu walio hai leo kwa sababu walisikia taarifa wakaahirisha safari. Lakini utabiri humsaidia ambaye bado yuko ufukweni. Aliyekwisha kutoka, injini ikazima, taa zikamwagika na maji yakaanza kuingia, anahitaji mtu wa kumfuata.

Nani humfuata? Jibu limetolewa mara tatu, tena mbele ya dunia nzima, na mara zote tatu limetoka upande wa Tanzania.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Waliokufa walizidi 800. Kwa saa kadhaa meli ilielea kifudifudi, na waliofika pale walieleza kwamba watu walisikika wakigonga kutoka ndani. Ilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, na meli ikaendelea kuzama. Nia njema ilikuwepo, na ujasiri ulikuwepo. Kilichokosekana ni watu waliofunzwa kazi hiyo na vifaa vilivyowekwa tayari karibu.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikibakiza hatua chache kufika gati la kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa pekee walikuwa 228. Waliookolewa, 41, wengi wao walitolewa na watu wa hapo hapo kwa mitumbwi yao. Giza lilipoingia kazi ya uokoaji ikasimamishwa hadi asubuhi. Siku mbili baada ya ajali, wapiga mbizi walimkuta fundi wa kivuko akiwa hai ndani, mahali palipobaki hewa. Mtu mmoja kuishi hivyo ni jambo la kumshukuru Mungu. Pia linaleta swali ambalo familia za Ukara zina haki ya kuliuliza: usiku ule wa kwanza, mle ndani kulikuwa na wangapi wa namna yake?

Halafu asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Walikufa 19, wakapona 24. Wa kwanza kufika hawakuwa askari; walikuwa wavuvi, na kijana mmoja kati yao alisifiwa nchi nzima kwa kusaidia kufungua mlango kwa kasia lake. Ripoti ya awali ya wachunguzi wa serikali ilieleza kwamba boti ya uokoaji ya polisi ilichelewa kufika kwa kuwa ilikuwa kwenye doria mahali pengine, na ilipofika haikuwa na mafuta ya kutosha wala hewa ya kutosha kwa wapiga mbizi.

Mafuta. Boti ilikuwepo na askari walikuwepo. Bajeti ya chombo cha uokoaji ikisomwa, macho ya watu hukimbilia bei ya kununulia, kwa sababu ndiyo yenye tarakimu nyingi. Uhai wa mtu aliye majini unategemea mistari ile mingine: dizeli, vipuri, mishahara ya zamu ya usiku, betri za redio, mitungi ya hewa inayojazwa upya kila mwezi. Kenya nayo ilionja uchungu huo huko Likoni tarehe 29 Septemba 2019, gari lenye mama na mtoto wake lilipoteleza kutoka feri ya MV Harambee. Kikosi cha walinzi wa pwani kilikuwa hakijatimiza mwaka. Jeshi la Wanamaji, walinzi wa pwani na wapiga mbizi wa kukodi walitafuta karibu wiki mbili kabla gari halijatolewa, katika kivuko ambacho watu wengi wa Mombasa hukivuka kila siku kwenda kazini, na meli ya bilioni 3.6 ikiwa na makao jirani.

Ndiyo maana neno “bandari ya nyumbani” linapaswa kuchukuliwa kwa uzito wake wote. Meli haina nyumbani kwa sababu waziri alikata utepe pale. Ina nyumbani pale ambapo mabaharia wake wanaishi na familia zao umbali wa kuitwa wakafika, ambapo tangi la mafuta liko hatua chache kutoka kwenye gati, ambapo fundi anaijua injini yake, ambapo redio ina mtu saa zote 24, na ambapo wenyeji wanamjua nahodha kwa jina. Ukiondoa hayo, kilichobaki ni mahali pa kuegesha.

Marekani imekuwa na walinzi wa pwani kwenye maziwa yake ya kaskazini kwa vizazi vingi, na huko mtu haulizi kwa nini kikosi chenye jina la pwani kiko mbali na bahari. Meli ya Mackinaw, inayovunja barafu na kutunza maboya, iliwasili Cheboygan, mji mdogo wa jimbo la Michigan, Desemba 2005, na hapo ndipo kwao hadi leo. Katika jimbo hilohilo uko mji wa Grand Haven, uliokuwa makao ya meli ya Escanaba kabla haijapelekwa vitani. Tarehe 13 Juni 1943 Escanaba ililipuka na kuzama kaskazini mwa Atlantiki. Walikufa mabaharia 101, wakapona wawili. Wakazi wa Grand Haven walichanga fedha ili ijengwe meli nyingine ya jina hilo, na kila msimu wa joto mji hufanya tamasha la kuwakumbuka mabaharia hao. Mwaka 1998 sheria ya Marekani iliutambua rasmi mji huo kuwa mji wa walinzi wa pwani. Watu wa mji ule wanajiona wenye meli, na meli inajiona ina watu. Hapa kwetu, mvuvi akiona chombo cha serikali kinakuja, mara nyingi hugeuza mtumbwi.

Basi gati liwe wapi? Mombasa wanaweza kudhani ziwa ni ziwa na gati ni gati, lakini ramani inasema vingine. Kisumu iko mwisho kabisa wa Ghuba ya Winam. Meli ikitoka pale lazima ipite ghuba nzima, zaidi ya kilomita 60, kisha ipenye mlango wa Rusinga, ndipo ifike ziwa lililo wazi. Homa Bay mjini ni jirani zaidi na pana hospitali kubwa ya rufaa, lakini nako ni ndani ya ghuba, na magugumaji hujaa pale mara kwa mara mpaka mitumbwi ya wavuvi wenyewe inashindwa kutoka. Mbita ina feri, ina watu, ina mlango wa ghuba, na mtu akiitetea asipuuzwe.

Karungu ina zaidi. Ghuba yake inatazama ziwa wazi upande wa magharibi. Muhuru Bay na Migingo ziko kusini na magharibi yake, Remba na Ringiti kaskazini, na kati ya pande hizo ndimo wavuvi wa Migori na Homa Bay wanamofia. Pana hospitali ya misheni ya St. Camillus, kwa hiyo aliyeokolewa akiwa amekunywa maji au akitetemeka kwa baridi hahitaji safari ya saa nyingi ndipo amwone daktari. Na ipo barabara inayopanda Ndhiwa hadi Rodi Kopany, ambapo inaungana na njia ya Homa Bay na ile ya Rongo. Hapo ndipo mji usio na ufuo unapoingia katika hadithi ya meli. Dizeli itapita pale. Kifaa cha injini kilichoagizwa Nairobi kitapita pale. Ambulensi yenye mgonjwa aliyezidi uwezo wa Karungu itapita pale, na fundi wa redio, na mpishi anayekwenda zamu. Njiapanda inayohudumia samaki ina uwezo wa kuhudumia meli.

Karungu si mahali pageni kwa meli za serikali, tena zenye mizinga. Septemba 1914, vita kuu ya kwanza ilipokuwa na wiki chache tu, Wajerumani waliingia kutoka kusini wakafika Kisii. Waingereza wakapakia askari wa King's African Rifles kwenye stima Kisumu, wakawashusha Kendu Bay, na kutoka huko wakatembea hadi Kisii kwa mapigano ya tarehe 12. Siku hizo hizo stima ya Winifred ilitumwa kushusha askari Karungu, ikakuta Muansa, boti ya Kijerumani iliyofungwa mzinga, ikalazimika kurudi nyuma. Ikaja tena ikiwa na mwenzake Kavirondo, na safari hiyo Muansa ndiyo iliyoondoka. Winifred ilikuwa stima ya abiria na mizigo. Dola ilipoona masilahi yake yako hatarini, haikushindwa kupata chombo cha kupeleka Karungu, tena ndani ya siku chache. Wavuvi wa Karungu ya leo wana haki ya kutarajia haraka ya namna hiyo kwa ajili ya maisha yao.

Historia hiyo inagusa jambo lingine, nalo ni mpaka. Migingo ni mwamba wa kama nusu ekari, umejaa vibanda vya mabati, na tangu 2004 hivi Kenya na Uganda zimekuwa zikigombania nani ana haki ya kutoza kodi na kukamata watu pale. Mpaka wenyewe uliandikwa katika amri ya Uingereza ya mwaka 1926. Mwaka 2009 nchi hizo mbili zilituma wapimaji, na Rais Museveni akakiri kwamba kisiwa kiko Kenya huku akishikilia kwamba maji yanayokizunguka ni ya Uganda. Kwa mvuvi, kauli hiyo haisaidii kitu, kwa kuwa hakuna mbuta anayevuliwa juu ya jiwe. Wavuvi wa Migori na Homa Bay wamekamatwa huko miaka nenda miaka rudi, injini na nyavu zao zikachukuliwa, wakachangiwa na jamaa zao ili waachiliwe.

Wapo watakaosema kwamba kupeleka meli karibu na maji hayo ni kuchokoza. Hofu hiyo ni ya kweli na haifai kubezwa. Meli yenye bunduki ikiongozwa na nahodha mwenye hasira inaweza kuharibu kwa dakika tano kazi ya wanadiplomasia ya miaka mitano. Lakini hali ya sasa nayo ni uchokozi wa kila siku, isipokuwa anayechokozwa ni mtu mmoja mmoja asiye na wa kumsemea. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, na makao yake yako Kisumu. Ina pia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa 1994, makao yake Jinja. Kupitia vyombo hivyo meli ya Kenya inaweza kuanza kazi ikiwa na makubaliano mkononi: masafa ya redio yanayojulikana na nchi zote tatu, na ruhusa ya kuvuka mpaka kumfuata anayezama bila kungoja barua. Dhoruba haiulizi pasipoti, na mvuvi wa Uganda akiokolewa na Wakenya, mazungumzo yanayofuata kuhusu Migingo yatakuwa na sauti tofauti.

Hofu ya pili inatoka mwaloni kwenyewe, na ndiyo nzito zaidi. Mvuvi akisikia askari wa majini, anafikiria moshi wa nyavu zinazochomwa na noti inayotakiwa chini chini ili injini irudishwe. Nyavu za macho madogo zinaua ziwa, na sheria lazima isimame; mbuta na ngege waliopungua hawawezi kujitetea wenyewe. Lakini kikosi kinachojulikana kwa kuchoma tu hakitaitwa mtu anapozama. Uganda iliwapeleka wanajeshi ziwani mwaka 2017 kupambana na uvuvi haramu. Wapo wanaosema samaki waliongezeka, na wapo waliopeleka malalamiko ya kupigwa na kuteswa hadi bungeni Kampala. Kenya ina nafasi ya kujifunza kwa jirani kabla ya kuingia njia hiyo hiyo. Kazi ya kwanza ya meli ya Karungu inapaswa kuwa uokoaji, na doria ya nyavu iwe ya pili, ikifanywa pamoja na BMU, mchana, kila kilichokamatwa kikiandikwa na nakala ikabaki bichi. Utaratibu huu haumlegezi mtu. Bila wenyeji wa kuiambia wapi na lini, meli moja katika maji yote hayo ni kipofu.

Kuhusu chombo chenyewe, Doria ya pili haihitajiki. Meli ya mita 50 na zaidi ingesumbuka kwenye maji ya kina kifupi, na ingekunywa mafuta hadi bajeti imalizike Machi. Kinachohitajika ni meli ya mita 20 hadi 30, yenye sitaha pana ya kuvutia watu kutoka majini, chumba cha huduma ya kwanza, taa kali, rada, na boti mbili ndogo za kushusha. Chombo cha ukubwa huo kinaweza kutoka usiku ambao boti za kasi hulazimika kukaa gatini.

Tena kijengwe Kisumu. Hakuna njia ya maji kutoka bahari ya Hindi hadi ziwani, kwa hiyo kila meli kubwa ya ziwa ama imeletwa vipande vipande au imeundwa ufukweni. William Mackinnon, stima ya kwanza ya Waingereza hapa, iliundwa Uskoti, ikavunjwa, ikasafirishwa hadi Mombasa na kupandishwa bara kabla reli haijafika. Ilichukua miaka kama mitano hadi ikaelea mwaka 1900. Leo karakana ya Kenya Shipyards ya Kisumu, kwa msaada wa kampuni ya Damen ya Uholanzi, imeunda MV Uhuru II, meli ya mizigo ya urefu wa mita 100. Mafundi walioshika mashine za kuchomelea katika kazi hiyo wapo, na wengi ni vijana wa ukanda huu. Meli ya mita 25 haiwashindi. Ikiharibika, aliyeiunda atakuwa safari ya siku moja, si Chittagong.

Gati nalo linahitaji akili. Mei 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi kuipita rekodi ya 1964, yakafunika bichi, vyoo, mabanda ya samaki na nyumba za watu kuanzia Busia hadi Migori. Gati la saruji lililopimwa mwaka wa ukame litakuwa chini ya maji mwaka wa mafuriko. Gati linaloelea, linalopanda na kushuka na maji, ni ghali kidogo kuanzisha na rahisi kuishi nalo.

Kila mwaka kabla ya bajeti kusomwa Juni, kamati ya Bunge ya bajeti huzunguka baadhi ya kaunti kusikiliza wananchi. Vikao hivyo mara nyingi hujaa maombi ya barabara na zahanati, na ni haki. Safari ijayo watu wa Karungu, Ndhiwa na Rodi Kopany wakipata nafasi waende na ombi moja zaidi: mstari wa fedha wa meli ya uokoaji ya ziwa, wenye jina la gati lake, na chini yake mstari wa pili wa mafuta na mishahara usioweza kuhamishiwa kazi nyingine. Wabunge wa Migori na Homa Bay, ambao kwa kawaida hukumbuka mipaka yao zaidi ya ziwa lao, walipeleke ombi hilo wakiwa kitu kimoja.

Wakati fedha zikitafutwa, kazi moja inaweza kuanza bila kungoja bajeti. Kina cha maji ndani ya ghuba ya Karungu kipimwe, na miamba iwekwe kwenye ramani. Wavuvi wa Sori wanajua kila jiwe lilipo, kwa maana wamepoteza nyavu juu ya mengi yake. Afisa wa vipimo akija na boti na daftari, hatakosa wa kumwonyesha.